Wake wanne si wapenzi wanne

Swali: Mimi ni Mkatoliki, nina miaka 31, naishi Tabata na mwenzangu Mwislamu. Huu ni mwaka wa tatu na hatujafunga ndoa. Ana mwanamke mwingine Mbagala. Yule ananijua na mimi namjua. Majuzi kaja na habari ya “poliamori”. Anasema si mitala wala si michepuko, ni watu watatu au wanne wanaopendana kwa ridhaa bila kudanganyana, na mimi pia ruksa kuwa na wangu. Nilipomwuliza dini inasemaje, akajibu Uislamu unaruhusu wanne, hivyo yeye hana dhambi, labda mimi. Ni kweli? Na nikikubali, nifanye nini nisije kuumia?

Jibu: Hapana dada, si kweli, na kwake yeye ndiyo si kweli zaidi. Mwenzako kachukua mambo mawili yanayofanana kwa idadi ya watu tu, akayafunga kitita kimoja. Mitala ni ndoa. Ina mkataba, mashahidi, mahari, zamu, matunzo na mirathi, na hata siku mapenzi yakipungua, haki za mke hazipungui. Poliamori inasimama juu ya ridhaa na uwazi. Kila mmoja anajua yupo nani mwingine, kila mmoja amekubali, na kila mmoja ana uhuru uleule. Lakini ridhaa ikiondoka hakuna kinachobaki cha kudai. Mwenzako anataka uhuru wa hili la pili na heshima ya kidini ya lile la kwanza.

Neno lenyewe ni changa. Limeungwa kwa Kigiriki “poly”, yaani wengi, na Kilatini “amor”, yaani pendo. Lilianza kuenea miaka ya mwanzo ya 1990 huko Marekani, na mmoja wa waliolieneza ni Morning Glory Zell, kiongozi katika kundi la kidini la kipagani liitwalo Church of All Worlds. Kwa hiyo anayesema poliamori ilizaliwa nje ya dini kabisa naye anakosea. Huko huko Marekani, waumini kadhaa wa Unitarian Universalist, dhehebu la mrengo huria, walijiundia kikundi cha kuitetea ndani ya kanisa lao, na mwaka 2020 mji wa Somerville, Massachusetts, uliruhusu watu zaidi ya wawili kuandikishwa kama wenzi wa nyumba moja. Nyuma zaidi, mwaka 1848, John Humphrey Noyes alianzisha jumuiya ya Oneida huko New York, ambako kila mwanamume alihesabiwa mume wa kila mwanamke, kwa hoja za Biblia. Ilidumu kama miaka 30. Mapenzi ya wawili kujitenga peke yao yalikatazwa na wakubwa walikuwa na sauti juu ya nani alale na nani, hadi vijana wakachoka, wachungaji wa nje wakapiga kelele, na mwaka 1879 Noyes akakimbilia Kanada. Hao ndio wachache. Misikiti na makanisa unayopishana nayo kutoka Tabata hadi Kariakoo hayamo katika kundi hilo.

Tuanze na upande wake, maana ndiye aliyetanguliza dini.

Aya anayoitegemea ni ya 3 katika Suratun-Nisaa. Inataja wawili, watatu, wanne, na papo hapo inasema mkihofu kutofanya uadilifu, basi mmoja. Aya ya 129 ya sura hiyo hiyo inarudi kuonya kuwa uadilifu kamili baina ya wake hamtauweza hata mkijitahidi, basi msielemee upande mmoja mkamwacha mwingine kama aliyetundikwa. Wanazuoni wametenganisha aya hizo mbili hivi: uadilifu wa lazima ni wa vinavyopimika, yaani chakula, mavazi, nyumba na zamu za kulala, na usiowezekana ni wa moyo. Zamu zenyewe zina hesabu. Mke mpya akiwa bikira hukaa na mume siku 7 kabla zamu hazijaanza kuzunguka, na akiwa ameshawahi kuolewa, siku 3.

Sasa angalia aya inahesabu nini. Inahesabu wake. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao huu, nikahi ina nguzo tano: mume, mke, walii (anayemwozesha mke), mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari ni haki ya mke juu ya hapo. Mwenzako hajatimiza hata moja ya hizo kwako, na kama wa Mbagala naye hajaolewa, basi kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mtu huyu ana wake sifuri. Anachofanya kina jina, ni zinaa, na ridhaa ya watatu wote haikibadilishi jina. Mtu mzima kukubali kunaondoa dhuluma ya kudanganywa. Hakuhalalishi.

Na ile “ruksa” aliyokupa wewe haina hata mlango wa kupitia. Aya ya 24 ya sura hiyo hiyo inaharamisha kuoa mwanamke aliye na mume, na kanuni za eda, muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena (miezi 4 na siku 10 kwa mfiwa, na vipindi vitatu vya mwezi kwa aliyeachwa) zimewekwa ili nasaba ya mtoto isichanganyike. Hakuna madhehebu yanayoruhusu waume wawili kwa wakati mmoja. Huenda akakutajia mut'a, ndoa ya muda ambayo Shia Ithnaasheri wanaihesabu halali na Sunni wanaikataa. Hata hiyo ina tamko, mahari, muda uliotajwa na eda baada yake, na mwanamke hawi na wawili. Haimsaidii.

Upande wako ni mfupi zaidi, ingawa si mwepesi. Kanisa Katoliki linahesabu umoja na kutovunjika kuwa sifa za msingi za ndoa (Sheria za Kanisa, kanuni ya 1056), likitegemea Mathayo 19. Watu hupenda kuleta Yakobo na Lea na Raheli, au Sulemani na wake zake 700 na masuria 300. Jibu la Kanisa ni kwamba Biblia inasimulia hayo bila kuyaagiza, na kisa cha Sulemani kinasimuliwa kama anguko lake. Novemba 2025 Vatikani ilitoa waraka wa mafundisho uitwao Una caro, “mwili mmoja”, unaoitetea ndoa ya wawili tu na kuzitaja kwa pamoja changamoto ya mitala barani Afrika na ya poliamori katika nchi za Magharibi. Kwa hiyo usitegemee kwamba paroko wako atakuwa hajalisikia neno hilo. Kwa sasa, kuishi bila ndoa kunakuzuia komunyo lakini hakukuzuii Misa, wala hakukuzuii kwenda kuzungumza naye.

Waanglikana wana historia ya kuvutia hapa. Mkutano wa Lambeth, yaani wa maaskofu wao wa dunia nzima, wa 1888 ulikataa kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi. Ule wa 1988 ukakubali abatizwe pamoja na wake na watoto wanaoamini, kwa ahadi kwamba hataongeza mwingine maadamu yeyote kati ya hao yu hai, na bila kulazimishwa kuwaacha, kwa sababu ya dhiki ambayo ingewapata wanawake walioachwa. Msingi wa huruma ile ulikuwa hifadhi ya mke aliyekwisha kuolewa. Mpenzi hakutajwa.

Nafika kwenye sheria, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo wanawake wengi wa Dar wanapoumia, wa dini zote mbili.

Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, inatambua aina mbili tu: ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi (au inayoweza kuwa ya wake wengi). Ya Kiislamu na ya kimila huhesabiwa kuwa ya aina ya pili hadi ithibitishwe vinginevyo, na nyingine zote, zikiwemo za kanisani na za bomani, huhesabiwa za mke mmoja. Mwanamke aliyeolewa hawezi kufunga ndoa nyingine kabisa. Poliamori haimo. Ukiwa na mume na mpenzi, mpenzi ni mgoni, hata kama chakula cha jioni mnakula pamoja.

Mume na mke wanaweza kuibadili ndoa yao kutoka aina moja kwenda nyingine, lakini lazima wote wawili watamke mbele ya jaji au hakimu kuwa wameridhia kwa hiari, na tamko liandikwe na kusainiwa. Kuna kizuizi kimoja kikubwa: ndoa iliyofungwa kanisani baina ya Wakristo wawili haibadiliki maadamu wote bado ni Wakristo. Na kwa mume mwenye haki ya kuongeza mke, taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa siku 21 kabla. Katika muda huo mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi kwa msajili kwa sababu zilizotajwa na sheria: kwamba kipato cha mume hakitoshi na yeye na watoto watapata shida, au kwamba anayekuja ana tabia mbaya inayojulikana, ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Wake wakishakuwa wawili au zaidi, kifungu cha 57 kinawapa haki, wajibu na hadhi sawa. Mke mdogo si nusu mke.

Wewe je, uko wapi? Uko kwenye kile ambacho mtaani tunakiita sogea tukae, na kwa kukaa zaidi ya miaka miwili umegusa kifungu cha 160. Kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, kiasi cha kujulikana kama mume na mke, kuna dhana kwamba wameoana. Watu hukariri “miaka miwili” na kusahau nusu ya pili. Mahakama inataka sifa hiyo iwepo: majirani, ndugu, mjumbe, watu wa kazini wawe wanawajua kama mume na mke. Dhana hii hupingika kwa ushahidi. Ikishapingwa, bado sheria inamwachia mwanamke nafasi ya kuomba matunzo yake na ya watoto, lakini hapo umeshakuwa mwombaji.

Sasa weka poliamori juu ya hilo. Siku mtakapowatangazia watu kwamba ninyi si mke na mume, ni wapenzi huru wenye wengine, mtakuwa mmeibomoa ile sifa kwa mikono yenu. Na kuna kosa ambalo wasomi ndio hulifanya zaidi: wanaandika “mkataba wa mahusiano”, wote wanasaini, wanahisi wamejilinda. Karatasi hiyo ina madhara mawili. Haitekelezeki mahakamani, kwa kuwa Sheria ya Mikataba inabatilisha mkataba ambao mahakama itauona ni kinyume cha maadili au sera ya umma. Lakini itapokelewa kama ushahidi kwamba hamkuwa mume na mke. Kwa maneno mengine, haikupi kitu na inakunyang'anya ulichokuwa nacho. Usisaini.

Mirathi ndiyo inayofichua yote. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata moja ya nane ya mali ya marehemu aliyeacha watoto, au robo kama hakuacha. Wake wakiwa wengi wanagawana fungu hilo hilo: wawili wenye watoto, kila mmoja moja ya kumi na sita. Mpenzi hapati fungu. Na ukiolewa naye kwa nikahi huku ukibaki Mkristo, jambo ambalo fiqhi inaliruhusu kwa aya ya 5 ya Suratul-Maida, kanuni ya jumla ni kwamba asiye Mwislamu harithi kwa Mwislamu. Kinachobaki ni wasia, usiozidi theluthi ya mali, au zawadi anayokukabidhi akiwa hai. Jaribio rahisi: fikiria kikao cha ukoo siku ya tatu ya msiba, wanapoteua msimamizi wa mirathi kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo. Je, kuna shangazi au baba mdogo mmoja atakayesimama akasema huyu ni mke wa marehemu? Kama hayupo, jua ulipo.

Mtoto ana nafuu zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya matunzo ya baba bila kujali kama wazazi wana ndoa, na baba akikana, Ustawi wa Jamii na mahakama wanaweza kufika hadi kipimo cha vinasaba. Jina la baba liingie kwenye cheti cha kuzaliwa mapema, wakati bado mnaelewana.

Ukisikia yote haya na bado ukataka kukubali (ni maisha yako, na sikukatalii kuyapanga), basi yapange hivi.

Tenganisha mapenzi na mali. Mkataba wa kodi uandikwe majina yenu wote wawili, hasa pale mwenye nyumba anapotaka miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo na nusu ya hela imetoka kwako. Kiwanja mkinunua, mkataba wa mauziano utaje kila mmoja amechangia asilimia ngapi, na hati iandikwe kwa hisa hizo. Kwa sheria, mali iliyo kwa jina la mmoja huanza kwa kudhaniwa kuwa ni yake. Tuma michango kwa simu au benki, usitoe taslimu, na kwenye maelezo andika “kodi” au “tofali”. Karatasi za mali zisitaje mahusiano hata kwa neno moja.

Afya ina kalenda yake, na hapa ndipo maneno “tunaaminiana” hayafai hata kidogo. Wote mlio kwenye mtandao huo, akiwemo wa Mbagala na yeyote utakayemleta wewe, mpime siku moja VVU, kaswende na homa ya ini B. Tumieni kondomu kwa miezi 3, kisha mrudie kipimo cha VVU, kwa sababu maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane kabla ya muda huo. Asiye na homa ya ini B na hajachanjwa apate dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Akiingia mtu mpya, kalenda inaanza upya kwa wote. Ikipasuka kondomu na hujui hali ya mtu, dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Uliza pia kituoni kuhusu dawa kinga ya kila siku. Na uzazi wa mpango uwe umeamuliwa kabla, kwa njia uliyoichagua wewe.

Mazungumzo yafanyike watatu mmekaa mezani, mchana, si kitandani na si kwa kupelekewa salamu. Mpaka sasa ridhaa ya yule dada wa Mbagala unaisikia kwa mdomo wa mwanamume. Mtafute umsikie mwenyewe. Huenda kaambiwa kwamba wewe ndiye mke mkubwa na yeye anafuata, au kinyume chake. Kubalianeni siku za kila nyumba, nani analipa nini, nani anaruhusiwa kujua, na mtu akitaka kutoka anatokaje. Pangeni kurudi mezani kila baada ya miezi 3.

Panapovunjikia mara nyingi ni mahali pamoja: siku mwanamke anapoitumia kweli ile ruksa. Mwanamume aliyekuwa akihubiri uhuru anaanza kukagua simu. Kwa hiyo mpime kabla hujaingia. Mwambie kwa utulivu, “Sawa, Jumamosi mimi nitatoka na mtu, nitarudi Jumapili,” kisha unyamaze, mtazame uso. Huna haja ya kwenda popote. Akijibu kwamba kwa mwanamke ni tofauti, basi hataki poliamori. Anataka mitala bila mahari. Hilo nalo lina utaratibu, na unaweza kumtaka aufuate.

Utaratibu wenyewe: mshenga aje kwenu, na wazee wako wajue kuna mwingine. Ukitaka ndoa yako ibaki ya Kanisa, utahitaji kibali cha askofu cha kuoana na asiyebatizwa. Utaahidi kulinda imani yako na kujitahidi watoto wabatizwe, naye ataelezwa ahadi hizo. Wote wawili mtapaswa kuukubali umoja wa ndoa, kwa hiyo njia hii inamtaka aachane na wa Mbagala. Mkienda bomani, mnatamka mapema kama ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi, na neno hilo ndilo litakalokulinda au kukuacha miaka kumi ijayo. Usiliache ajaze yeye. Mkifunga kwa nikahi, jua kwamba sharti la “hutaoa mwingine” wa madhehebu ya Hanbali wanalipa nguvu, ila Shafii hawaoni linamfunga. Badala yake sheria ya nchi inawaruhusu baadaye, akiwa bado na mke mmoja, kuigeuza ndoa iwe ya mke mmoja kwa tamko la wote wawili mbele ya hakimu. Kwa njia yoyote mtakayofuata, cheti kisajiliwe, na nakala moja uiweke kwa mama yako au kwa dada yako, nje ya nyumba mnayokaa.